Kishikwambi Juu ya Cherehani

Jumatatu, Machi 3

Mvua imeanza leo, na imeanzia kwangu. Paa limevuja pale pale juu ya meza ya kazi, na kompyuta yangu ya miaka yote imekunywa maji hadi ikazima. Nimeifuta, nimeipepea, nimeibembeleza. Wapi. Mama, kutoka kitandani: "Ulishaambiwa uihamishe ile meza."

Nilishaambiwa, kweli. Sina hamu ya kuandika zaidi.

Jumanne, Machi 4

Niyaweke mambo sawa, maana nisipoyaandika kichwa kitapasuka.

Mama alianguka Desemba akavunjika nyonga. Amepasuliwa, amewekewa chuma, amerudi nyumbani, na anahitaji mtu wa kuwa naye mchana kutwa. Mtu huyo ni mimi. Kazi yangu ni unukuzi: naletewa sauti zilizorekodiwa, nazigeuza kuwa maandishi, neno kwa neno. Zamani nilikuwa nakwenda ofisini. Msimamizi wetu, ambaye sote tunamwita Nukta kwa sababu anaweza kukurudishia kazi nzima kwa nukta moja iliyokosekana, amenikubalia kwa shingo upande nifanyie nyumbani hadi mwisho wa mvua. Nimepewa rekodi za vikao vya baraza la wapangaji na wenye nyumba, za msimu mzima. Nikizimaliza kwa wakati, na zikawa safi, nitaendelea kufanyia hapa. Nikishindwa, narudi ofisini, na Mama anachukuliwa na Kaka.

Kaka anakaa ghorofa ya nne, na lifti ya jengo lao imekuwa hadithi ya kuwasimulia wageni. Mama akipandishwa kule hatashuka tena. Ataliona jua kupitia dirishani mpaka siku yake. Nilimwambia Kaka hivyo hivyo, akanijibu kwa ile sauti yake ya kaka mkubwa: "Mvua ikiisha nakuja na gari. Ukiwa umeweza, sawa. Ukiwa hujaweza, tusigombane."

Na sasa sina hata kompyuta.

Alhamisi, Machi 6

Nimekwenda kwa mtalaka wangu. Niandike tena nijionee: nimekwenda, kwa miguu yangu mwenyewe, kwa mtalaka wangu.

Ni fundi wa kompyuta, kibanda chake kiko katikati ya kinyozi na muuza vioo. Hakucheka. Aliingiza mkono kabatini akatoa kishikwambi chembamba, na kibodi ndogo ya kukunja, akaviweka mezani kama mtu anayempa mgonjwa dawa.

"Hiki ni cha kuangalia katuni," nikamwambia.

"Kina Linux ndani, mfumo wa kompyuta kubwa. Ni kompyuta kamili, imekosa tumbo tu."

"Nguvu kinazo?"

"Kwa kazi za kila siku kinatosha."

Aliposema "kinatosha" nikaikumbuka ndoa yetu yote. Kwake yeye kila kitu kilikuwa kinatosha: kitanda kinachoyumba kinatosha, kusema "nakupenda" mara moja kwa mwaka kunatosha. Nilikaribia kukiacha pale pale. Akasema, "Chukua ukakitumie. Mvua ikiisha utaniambia."

Nilipofika nyumbani Mama alikigeuzageuza. "Hiki si kibao cha kukatia vitunguu? Na mkwe wangu hajambo?"

"Si mkwe wako tena, Mama."

"Wewe ndiye uliyeachana naye. Mimi sikuandikiwa talaka."

Ijumaa, Machi 7

Mvua. Kishikwambi kinawaka upesi kuliko ninavyoamka mimi. Sijakiamini.

Jumatatu, Machi 10

Nimekipima leo. Kuandika: hakina neno, herufi zinatokea kabla kidole hakijanyanyuka. Sauti: safi, pengine kuliko ya ofisini. Jedwali la Nukta la kuonyesha kila rekodi imefikia wapi: linajivuta, lakini linafunguka. Nikaona basi, nimekuwa mwepesi wa kuhukumu. Nikafungua kamusi, ramani ya mitaa kwa ajili ya majina, ukurasa wa habari, wa hali ya hewa, wa mafundi wa paa, na vingine sivikumbuki, na vyote nikaviacha wazi kama ninavyoviacha siku zote. Kikaganda. Nikabonyeza, kimya. Nikabonyeza kwa nguvu, kana kwamba kinasikia maumivu. Kimya.

Nikampigia simu.

"Umefungua kurasa ngapi?"

"Za kawaida."

"Kawaida yako naijua. Funga usizotumia."

"Kwenye ile ya zamani sikuwa nafunga kitu."

"Ndiyo maana ilikuwa inahema."

Nimemkatia. Lakini kurasa si tatizo kubwa. Tatizo ni kanyagio. Mnukuzi anaandika kwa mikono na kusikiliza kwa mguu: chini ya meza pana kitu cha kukanyaga, ukikibonyeza sauti inasimama na kurudi nyuma kidogo, ukibonyeza upande wa pili inaendelea, na vidole havitoki kwenye herufi. Bila kanyagio ni kunyanyua mkono kila sentensi. Nimelileta la ofisini, nimelichomeka, na kishikwambi kimelitazama kama hakijawahi kukutana nalo. Mguu wangu wa kulia haujui hilo. Unakanyaga sakafu tupu kutwa nzima.

Jumatano, Machi 12

Mtaalamu wa mazoezi ya viungo amekuja, kijana mpole mwenye begi la mipira. Anamtaka Mama ainue mguu, aushushe, auinue, aushushe. Mama amemsikiliza hadi mwisho, kisha akamwambia: "Mwanangu, mimi nimekanyaga cherehani tangu nikiwa msichana. Mguu huu haujawahi kunyanyuka bure. Unataka niupeperushe hewani, nashona nini?"

Nikamfuata kijana mlangoni. Akaniambia taratibu kwamba mguu usiotumika unasahau, na kwamba baada ya miezi michache hautakumbushika. Nimerudi ndani nikamkaripia Mama, naye akageukia ukuta.

Jumamosi, Machi 15

Mtalaka wangu amekuja na bisibisi na kibodi kuukuu. Mama akamlaki kana kwamba ameondoka jana.

Kanyagio la ofisini amelishika, amelichungulia, akasema ni la kizamani, kulizoesha kutachukua muda. Kisha akasimama anaangaza chumba kwa yale macho yake ambayo yakitua juu ya kitu changu nilikuwa nakihurumia kitu chenyewe. Yakatua juu ya cherehani ya Mama.

Cherehani ile iko dirishani, imefunikwa kitambaa tangu Desemba. Chini ina kanyagio la chuma, pana kama sinia. Juu, kichwa chake kinaweza kukunjwa kikalala ndani ya meza, lakini Mama hajawahi kukilaza hata siku moja, na hakuna aliyethubutu. Anasema cherehani iliyolazwa kichwa ni ya mtu aliyeacha kazi.

"Mama, naomba miguu ya cherehani," mtalaka akasema.

Mama akafikiri. "Miguu chukua. Kichwa usiguse."

Akaufungua mkanda ili gurudumu lisizunguke. Akaiweka ile kibodi kuukuu sakafuni, akagundisha vipande vya raba juu ya vitufe viwili, kimoja mbele, kimoja nyuma, akakiambia kishikwambi kazi ya kila kimoja. Ukikanyaga kwa vidole, sauti inasimama na kurudi. Ukikanyaga kwa kisigino, inaendelea. Nikajaribu. Ikasimama. Ikaendelea. Sikutaka kufurahi mbele yake.

"Imetosha?" akauliza.

Nikamwambia ale chakula aende zake.

Ijumaa, Machi 21

Mvua kutwa. Kwa kuwa kichwa cha cherehani kimesimama katikati ya meza, kishikwambi nakiegesha pembeni, kibodi mapajani, shingo imepinda. Kazi inakwenda. Mama yuko kwenye kiti chake upande wa pili wa dirisha, anautazama mguu wangu.

"Unakanyaga kama unaua mende," amesema hatimaye.

Jumatano, Aprili 2

Umeme umekatika tangu juzi. Mtaa mzima unalalamika, mimi nafanya kazi. Kishikwambi kinakula chaji kidogo kidogo, pawabenki ya simu inakitosheleza hadi jioni. Ila usikifunge ukadhani kimelala: kinajifanya kimelala huku kinakula betri, asubuhi unakikuta kimekauka. Nimemwelezea Mama, akasema anamjua mume wa namna hiyo.

Jumanne, Aprili 8

Nimeingia kwenye kesi ya dirisha. Mpangaji mzee, fundi nguo, anasema mwenye nyumba alikuja kuchukua dirisha la chumba chake akalitengeneze, na hakulirudisha. Mwenye nyumba anasema dirisha alilirudisha, mpangaji ndiye aliyeliuza. Wanapiga kelele kwa pamoja, mwenyekiti anagonga meza, na yule mzee ana meno machache. Kila mstari naandika "haisikiki". Nukta hapendi "haisikiki". Anasema ni neno la mtu mvivu.

Kuna jambo linaniudhi. Kila baada ya dakika chache kishikwambi kinashtuka: herufi zinagoma kidogo, kisha zinamwagika zote kwa mkupuo. Ni programu inajihifadhia kazi yenyewe. Kidogo tu, kama kope kupepesa, lakini kwa mnukuzi kope ikipepesa neno limepita. Nimekizima hicho kipengele. Nitahifadhi mwenyewe nikikumbuka. Tangu nimekizima maandishi yanateleza kama maji.

Alhamisi, Aprili 17

Sijui nianzie wapi.

Leo nilikuwa katika hali ile ambayo kazi inajiandika yenyewe. Kikao kirefu kuliko vyote, mashahidi wa dirisha, wakili wa mwenye nyumba, mafundi wawili waliokuwa wanabishana kuhusu bawaba. Nilianza kabla Mama hajanywa chai, na jua, kama lingekuwepo, lingekuwa linazama nilipofika ukurasa wa mwisho. Hapo Kaka akapiga simu ya video. Kwenye simu yangu chaji ilikuwa imeisha, kwa hiyo nikaipokea kwenye kishikwambi, huku maandishi yako wazi, sauti iko wazi, ramani iko wazi, na kurasa zangu nyingine ambazo niliapa nitazifunga.

Uso wa Kaka ukaja vipande vipande. "Mama anaendelea—" ukaganda, mdomo wazi, jicho moja limefumba. Nikacheka. Mama naye akacheka, mara ya kwanza wiki hii. Kisha kioo kikawa cheusi, kikarudi kikiwa kimejiwasha upya, safi, kama siku nilipopewa.

Maandishi hayakuwepo. Nilitafuta kila mahali. Nilikuwa sijahifadhi hata mara moja tangu asubuhi. Nilizima kile kipengele kwa mkono wangu, na mkono ule ule haukukumbuka.

Nilimpigia mtalaka wangu nikamwaga yote. Nilimwambia kishikwambi chake ni takataka, na maneno yake ni takataka, na kwamba mtu mzima anayeuza "kinatosha" kwa watu wenye shida anapaswa kuona haya. Akaniacha nimalize.

"Ulizima kuhifadhi?"

Nikamwambia hilo halimhusu.

"Kina nafasi ndogo kichwani," akasema. "Sikukuficha. Kikibebeshwa mizigo yote kwa pamoja kinautupa mmoja ili kisife. Ungekiachia kihifadhi, ungepoteza mistari michache."

"Ungeniambia."

"Ningekuambia nini? Kwamba usizime kitu ambacho hakuna mtu anayekizima?"

Nimekaa sakafuni karibu na kanyagio nikalia. Sina haja ya kupamba, nililia kwa sauti kama mtoto. Kikao kile lazima nikirudie chote, na vilivyobaki vinanisubiri, na kifundo cha mguu kimevimba kwa kukanyaga nimekaa upande. Mama alikuwa pale kwenye kiti, ametazama nje. Nilidhani ananionea haya.

Ijumaa, Aprili 18

Sijagusa kitu. Mvua.

Jumapili, Aprili 20

Kaka amepiga tena, nimepokea kwenye simu. Nilikuwa nimejiandaa kugombana. Alikuwa anatembeatembea nyumbani kwake huku anaongea, na nyuma yake nikaona ndani ya msala wao, na ukutani pembeni ya bomba, chuma cha kushikia, kipya, kimefungwa kwa skrubu nne.

"Kile nini?" nikauliza.

"Cha Mama. Nimekipima kwa urefu wake." Akageuza simu kwingine haraka. "Na chumba cha kulala tumeshamwachia. Sisi tutalala sebuleni na watoto."

Siku zote hizi nimekuwa nikimwona Kaka kama mtu anayekuja kuchukua kitu chake. Kumbe amekuwa akitoboa kuta. Nilimuuliza mbona hakusema. Akasema mimi sikuwa namwachia nafasi ya kusema, kila akifungua mdomo namwambia habari ya lifti.

Nimekata simu nikiwa nimechoka zaidi. Kumchukia kulikuwa kunanisaidia kufanya kazi.

Jumatatu, Aprili 21

Leo asubuhi nilijikokota hadi kwenye cherehani kuanza upya. Kifundo kinauma. Nilikuwa nimeandika kama robo ukurasa, nikakanyaga, nikaguna. Nikakanyaga tena, nikaguna.

"Hama hapo," Mama akasema.

Nikadhani anataka kitu. Nikamuuliza kama nimletee maji.

"Sitaki maji. Nakuambia hama. Wewe una mikono, lakini mguu huna. Mimi mikono yako siwezi, lakini mguu ninao mmoja na huu mwingine ni wa kubahatisha. Nisogeze hapo."

"Mama, daktari—"

"Daktari alisema nitumie mguu. Au hukusikia?"

Nikamsogeza na kiti chake. Akakitoa kitambaa kwenye cherehani, akakikunja mara nne, akanipa. Kisha akashika kichwa cha cherehani kwa mikono miwili, akakiinua kidogo, akakilaza ndani ya meza. Taratibu, kama anayelaza mtoto. Meza ikawa tambarare.

"Weka kibao chako."

Nimekaa upande wa pili, kibodi mezani kwa mara ya kwanza, shingo imenyooka. Sauti tumeifungua wazi aisikie, ni vikao vya hadhara, hakuna siri. Akaweka mguu mbovu kwenye kanyagio, akausindikiza kwa mzima. Kisigino. Sauti ikaenda. Nikainua kidevu, ishara ya kumwambia asimamishe. Akachelewa, na wakili akapita na sentensi nzima. Tukarudi. Akachelewa tena. Tukarudi tena. Jasho lilimtoka kwenye mdomo wa juu. Baada ya muda si mrefu akasema basi, nikamrudisha kitandani, akalala hadi jioni.

Tumefanya ukurasa mmoja na nusu. Peke yangu ningefanya kumi. Lakini kwa vyovyote sitamwambia aache.

Jumatano, Aprili 23

Kurasa nne.

Mtaalamu wa mazoezi amekuja na mipira yake. Mama amemwambia ana kazi, arudi siku nyingine.

Jumatatu, Mei 5

Hainyeshi, haiachi kunyesha. Kila kitu kina unyevu, hata chumvi.

Hatuna tena haja ya kidevu. Mama anajua nitakwamia wapi kabla sijakwama, anasimamisha sauti, ananiachia neno la mwisho likining'inia sikioni, naandika, anaachia. Nilimuuliza amejuaje. Anasema kwenye kushona unasikiliza kitambaa, sasa anasikiliza vidole vyangu. Mguu wangu wa kulia umetulia. Sikumbuki ulipotulia.

Kipengele cha kuhifadhi nimekirudisha. Kishikwambi kinashtuka kila baada ya dakika chache, na Mama, sijui kwa hisia gani, huwa amesimamisha sauti tayari. "Kinameza mate," anasema. "Kiache kimeze." Na kurasa nafunga. Zikibaki zaidi ya tatu najisikia uchafu.

Ijumaa, Mei 9

Yule mzee wa dirisha amerudi kutoa ushahidi. Nikaandika "haisikiki". Mama akarudisha sauti nyuma.

"Haisikiki vipi? Anasema alikuwa anatia pindo la shela la watu, akasikia bawaba inang'olewa."

Nikasikiliza tena. Kweli kabisa: anatia pindo. Tumerudi kwenye vikao vyote vilivyopita tukafuta "haisikiki" moja baada ya nyingine. Mengine ni maneno ya ufundi wa nguo, mengine ni meno tu, na Mama amekuwa akiongea na marika wenzake wasio na meno miaka mingi. Sasa amechukua upande. Mwenye nyumba akianza kuongea anakanyaga kisigino kwa nguvu, kama anamkanyaga yeye.

"Huyu dirisha lake anajua liliko," anasema. "Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi."

Nilimkumbusha kwamba sisi hatuhukumu, tunaandika. Akasema niandike basi, yeye atahukumu.

Jumatano, Mei 14

Mtaalamu wa mazoezi amempima mguu. Akaupima tena. Akamuuliza amekuwa akifanya mazoezi gani.

"Mazoezi sijafanya," Mama akasema. "Nimefanya kazi."

Jumanne, Mei 20

Mvua zimepungua. Nazitamani zirudi. Rekodi zimebaki chache, Kaka ametaja Jumamosi, na sijui kama tutawahi. Silali vizuri. Mtalaka wangu alipita kuleta chaja imara zaidi, akakuta Mama anakanyaga na mimi naandika, akasimama mlangoni hadi tulipomaliza ukurasa. Hakusema imetosha. Amesema tu, "Hii sikuifikiria."

Nilimwomba radhi kwa yale maneno ya Aprili. Akasema yalishapita. Alinywa chai akaondoka. Nilimtazama akiruka madimbwi, nikagundua sina hasira naye, wala sitaki arudi. Yote mawili kwa pamoja, na yote mawili ni kweli.

Jumamosi, Mei 24

Kaka amekuja mapema. Tulikuwa kwenye rekodi ya mwisho, mwenyekiti wa baraza anajiandaa kusoma uamuzi wa dirisha. Nilisikia gari likisimama nje, nikasikia viatu vyake, nikakosea neno jepesi kabisa.

Aliingia amebeba godoro jembamba la kumlaza Mama garini. "Hodi hapa," akasema, huku yuko ndani tayari. "Mama, jitayarishe taratibu, gari—"

Mama akamwinulia kiganja bila kumtazama. "Kaa hapo. Niko kazini."

Kaka akabaki amesimama na godoro lake. Akatazama kishikwambi kilichokaa juu ya cherehani iliyolazwa kichwa, akanitazama mimi, kisha macho yakashuka chini ya meza. Mguu wa Mama, ule wenye chuma, ulikuwa unakwenda peke yake. Vidole, kisigino. Vidole, kisigino. Ule mzima ulikuwa umepumzika pembeni.

Mwenyekiti akasoma. Mwenye nyumba arudishe dirisha, na bawaba zake. Mama akakanyaga vidole sauti ikasimama, nikaandika, akaachia, nikaandika sentensi ya mwisho na nukta yake. Mama akaegemea kiti.

"Nilisema," akasema. Kisha akamgeukia Kaka. "Mwanangu, karibu. Nimesikia umenitengenezea chumba. Mungu akubariki. Siendi."

"Mama, na huyu akiitwa ofisini?"

"Akiitwa wataniita na mimi. Mguu ni wangu."

Kaka aliliweka godoro chini, akalikalia, akafunika uso. Mabega yalikuwa yanatikisika. Mimi sikumbuki mara ya mwisho kumwona hivyo. Nilikwenda nikakaa naye, Mama akitusubiri tumalize ili aletewe chai.

Baadaye, kwa kujikaza, akaashiria kishikwambi. "Na hicho kidude kimeweza kazi yote hiyo?"

"Kuandika kinaweza, sauti kinaweza, barua kinaweza," nikamwambia. "Simu ya video hakiwezi. Ukitaka kumwona Mama, njoo."

Jumatano, Mei 28

Nukta ameandika. Barua yake yote ni mistari mitatu. Nibaki kufanyia nyumbani. Amehesabu nukta, zipo. Tena anauliza nimetumia programu gani kusafisha sauti, kwa sababu ofisi nzima imeshindwa kumsikia yule mzee wa dirisha, na katika kurasa zangu hakuna "haisikiki" hata moja.

Nimejibu kwamba ni ya hapa nyumbani, na haiuzwi. Mama ameuliza rekodi nyingine zinakuja lini, na kama nazo zina waongo.

Jumamosi, Mei 31

Jua. Nimeanika magodoro yote.

Kaka amerudi leo, bila godoro, ameleta mashine ya kutobolea na kitu kirefu kimefungwa kwa gazeti. Amekifungua: ni kile chuma cha kushikia, amekifungua skrubu kutoka ukutani kwake. Kwenye matundu ya skrubu bado kulikuwa na unga wa rangi ya msala wake. Amemsimamisha Mama pembeni ya bomba letu, akapima kwa kiganja chake, akaweka alama kwa penseli.

Sisi tulikuwa tumeshaanza rekodi mpya. Alipoanza kutoboa ukuta nyumba nzima ililia, hatukusikia neno. Mama alikanyaga kwa vidole, sauti ikasimama, tukakaa tunamsubiri. Kaka alipomaliza, Mama akakanyaga kwa kisigino, tukaendelea.